Yule mwenye upanga ndani ya gari la mtumba

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mwezi uliopita nilitoa bandarini Dar es Salaam gari dogo lililotumika kutoka Japani. Kwenye kijidroo cha dashibodi nikakuta kadi yenye picha ya mtu wa kutisha. Mwili wa bluu iliyokolea, meno ya chonge, upanga mkono wa kulia, kamba mkono wa kushoto, na moto mgongoni. Nyuma ya kadi kuna herufi moja kubwa ambayo rafiki yangu aliyesoma Kijapani anasema si ya Kijapani. Jirani anasema ni jini, niichome. Fundi wa gereji anasema ni mungu wa Wabudha. Lakini Budha ninayemjua mimi amekaa ametulia, macho nusu yamefumba. Huyu ni nani? Na katika sanaa ya Wajapani mtu anajuaje nani ni nani?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Fundi wako amekaribia. Huyo ni Fudō Myōō, na Fudō ni "Asiyetikisika". Wala hakuingia kwenye gari lako kwa bahati mbaya. Katika mji wa Narita, ule wenye uwanja wa ndege, kuna hekalu la Naritasan Shinshō-ji linalohesabu umri wake tangu mwaka 940, na anayeheshimiwa pale kuliko wote ni huyu Fudō. Watu hupeleka magari yao yakaombewe, wakarudi na hirizi ya usalama barabarani. Yapo na mahekalu mengine yanayofanya hivyo. Naona mwenye gari wa kwanza aliiweka, gari likauzwa, likapanda meli, na hirizi hakuna aliyeikumbuka.

Swali la pili ndilo refu. Watu wengi wakikutana na sanamu hizi huanza kutazama uso, na hapo ndipo wanapopotea. Uso utakuambia huyu mpole, huyu mkali, basi. Ukitaka jina, anza na nguo, nenda kwenye mikono, malizia na kile alichokikalia au anachokikanyaga.

Tuanze na nguo. Ubudha uliingia Japani karne ya 6 ukitokea Korea, ambako ulifika kutoka China, na China waliupata kupitia Asia ya Kati kutoka India. Kila kituo kiliongeza abiria. Mwishowe Wajapani wakawa na kundi kubwa la watukufu, wakalipanga katika madaraja manne. Juu kabisa wapo Nyorai, yaani Mabudha wenyewe, walioamka. Hao si miungu kama tunavyolielewa neno hilo sisi. Hawakuumba mbingu wala nchi. Nyorai huvaa nguo ya mtawa tu, mara nyingi bega moja likiwa wazi kama mtu aliyejifunga lubega. Hana taji, hana mkufu, hana bangili. Chini yake wapo Bosatsu, waliofika mlangoni mwa kuamka wakageuka kuwasaidia waliobaki nyuma. Hao ndio waliojipamba: taji, mikufu, vikuku, mitandio inayoning'inia hadi miguuni.

Utashangaa kwamba mkubwa hana kitu na mdogo ndiye mwenye dhahabu. Kumbuka Siddhartha, yule aliyekuja kuwa Budha, alikuwa mwana wa mtawala. Bosatsu huvikwa kama yeye alivyokuwa bado jumbani kwa baba yake. Nyorai huvikwa kama alivyokuwa baada ya kuviacha vyote. Hata ndewe zake ndefu husimuliwa hivyo: hereni nzito zilizivuta, hereni zikavuliwa, ndewe zikabaki zimelegea. Juu ya kichwa chake ana nundu, ishara ya hekima iliyozidi ya watu, na nywele zake ni vifundo vidogo vilivyojisokota kama konokono. Ile nukta katikati ya nyusi si kidoti cha akina mama wa Kihindi. Ni unywele mmoja mweupe uliojikunja, na wachongaji wengi waliuweka kwa kipande cha kioo cha mawe, yaani jiwe angavu.

Kuna Nyorai mmoja anayeivunja kanuni hii, naye ni Dainichi. Yeye huvaa taji na vito, kwa sababu katika mafundisho ya siri ya madhehebu ya Shingon yeye ni ulimwengu mzima, si mtawa aliyeuacha ulimwengu. Ukimkuta, mikono itamtaja: kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kimesimama, na ngumi ya kulia imekikumbatia. Kazi ya kwanza inayojulikana ya mchongaji Unkei, ya mwaka 1176, ni Dainichi wa namna hiyo, na ipo hekalu la Enjō-ji, Nara.

Mikono ni lugha kamili. Kiganja cha kulia kimeinuliwa kukutazama: usiogope. Kiganja cha kushoto kimeshuka, kimefunguka: omba, utapewa. Kidole gumba kikigusana na kidole kingine kufanya duara, huenda uko mbele ya Amida, Budha wa Pepo ya Magharibi. Akiwa ameshika kikopo kwenye kiganja cha kushoto ni Yakushi, tabibu. Lakini nenda Nara, hekalu la Yakushi-ji lenye jina lake mwenyewe, umtazame Yakushi wa shaba aliyekaa pale: hana kikopo. Ni wa zama za kale, kabla kikopo hakijawa mazoea. Kwa hiyo anayekuuzia kanuni isiyo na tofauti katika fani hii, mwogope.

Jizō naye ni wa kipekee: Bosatsu asiye na taji wala nywele, amenyolewa kama mtawa, mkono mmoja fimbo yenye pete za chuma zinazolia, mwingine kito cha duara. Utamkuta njiapanda na makaburini, mdogo, wa jiwe, amefungwa kitambaa chekundu kifuani kama bibu ya mtoto. Wazazi waliofiwa na watoto ndio wanaomfunga, kwa kuwa yeye ndiye anayewaangalia watoto huko waliko.

Sasa shika kadi yako, tumsome wako.

Fudō ni wa daraja la tatu, Myōō, wafalme wa hekima. Mtu aliyewapa hao nguvu Japani ni mtawa Kūkai, aliyekwenda China mwaka 804 akarudi 806 na michoro, vitabu na vyombo vya ibada. Katika ukumbi wa mafundisho wa hekalu la Tō-ji, Kyoto, kuna kundi la sanamu 21 lililopangwa kwa fikra zake na kukamilika mwaka 839, miaka minne baada ya kifo chake. Dainichi yupo katikati pamoja na Mabudha wenzake, upande mmoja Bosatsu, upande wa pili Myōō watano, na Fudō katikati ya hao watano. Mmoja wa wenzake, Gōzanze, anamkanyaga Shiva na mkewe. Ukimwonyesha picha hiyo rafiki yako Mhindu, jiandae kuieleza taratibu.

Fudō wa Tō-ji ana macho yote mawili wazi na meno ya juu yameuma mdomo wa chini. Baadaye, kuanzia mwishoni mwa karne ya 9, ilienea sura nyingine: jicho la kulia limekodolewa, la kushoto limebanwa; chonge moja inatazama juu, nyingine inatazama chini. Mbingu na ardhi, vyote anaviona, vyote anavishika. Nywele zake zimesukwa msuko mmoja unaoshuka bega la kushoto, mtindo wa watumishi, kwani maandiko yanamtaja kama mtumishi wa Dainichi mwenye mwili wa mtoto. Ndiyo maana, ukitazama vizuri, huyo unayemwogopa ana mashavu yaliyojaa, tumbo lililotuna na mikono minene mifupi. Wachoraji wazuri hawakuacha utoto huo upotee ndani ya hasira. Wachoraji wabaya humfanya mpiganaji mwenye misuli, na kwa maoni yangu hapo ndipo picha inapokufa.

Chini yake hakuna yungiyungi, lile ua linalowabeba Mabudha wengi. Kuna mwamba, maana jina lake ni Asiyetikisika. Upanga haukati watu, unakata ujinga na tamaa. Kamba ndiyo inayoeleza hasira yote: ni ya kumnasa mtu mkaidi anayeyakimbia mema, avutwe kwa nguvu. Mama anayempigia kelele mwanawe aliyesogelea jiko la mkaa ana sura kama hiyo, na hakuna mtoto anayesema mama amegeuka jini.

Moto nao usiupite haraka. Katika mchoro maarufu kuliko yote wa Fudō wa bluu, uliochorwa kwenye hariri karne ya 11 na ulio mali ya hekalu la Shōren-in, Kyoto, ndani ya ndimi za moto vimejificha vichwa vya ndege. Ni Karura, ndege wa India anayemeza nyoka, na moto huo humeza sumu za moyo vivyo hivyo. Ukiujua mchoro huo kwa kusikia tu, utautazama mara ya kwanza uone moto mtupu. Tazama tena, midomo ya ndege itaanza kujitokeza. Chini wamesimama vijana wawili wanaomtumikia, Kongara mpole na Seitaka mkorofi. Huyo wa bluu ana ndugu wawili wanaotajwa naye daima, wa manjano wa hekalu la Onjō-ji na mwekundu wa mlima Kōya. Rangi, kwa hiyo, peke yake haitoshi kumtambua.

Daraja la nne ni Ten, na hapa ndipo fundi wako anapopata alama zake, kwa sababu hawa kweli walikuwa miungu, ya Bara Hindi, kabla Ubudha haujawaajiri kuwa walinzi. Benzaiten anayepiga kinanda cha nyuzi ni Saraswati, yule yule unayemwona kwenye kalenda za maduka ya Wahindi Dar es Salaam na Mombasa akiwa na ala yake iitwayo vina. Indra yumo, Brahma yumo, hata Yama, hakimu wa wafu, anayeitwa Emma na kuvikwa joho na kofia ya afisa wa China. Ganesha naye yupo, kwa jina la Kangiten, mara nyingi kama wawili wenye vichwa vya tembo waliokumbatiana, na sanamu zake karibu zote hufichwa. Waumini wa hekalu lake la Matsuchiyama, Tokyo, humpelekea figili nyeupe.

Walinzi wakubwa kuliko wote kwa umbo ni wale Niō wawili wa lango la kusini la Tōdai-ji, Nara. Kila mmoja ana zaidi ya mita 8. Mmoja amefungua kinywa, mwingine amekifumba: wa kwanza anatamka "a", wa pili "un", sauti ya mwanzo na ya mwisho, na kila kilicho katikati wanakilinda. Vita vya mwaka 1180 viliiteketeza Tōdai-ji pamoja na jirani yake Kōfuku-ji. Katika kuijenga upya, mwaka 1203, Unkei, Kaikei na mafundi wao waliwasimamisha majitu hao wawili kwa siku 69. Siri ya kasi hiyo ni ufundi wa kuunganisha. Zamani sanamu ilichongwa kwenye gogo moja, na gogo likikauka hupasuka. Katika karne ya 11 Jōchō aliukamilisha ufundi wa kuunga vipande vingi vya mbao vilivyochimbwa ndani, kila fundi na kipande chake. Amida wake wa mwaka 1053, katika Ukumbi wa Finiksi wa Byōdō-in, Uji, bado amekaa palepale, ukutani amezungukwa na Bosatsu wadogo 52 juu ya mawingu, wengine wakipiga ala, wengine wakicheza.

Kabla ya mbao kushinda kulikuwa na laka, utomvu wa mti unaokauka ukawa mgumu. Ashura wa Kōfuku-ji, wa mwaka 734, mwenye nyuso tatu na mikono sita myembamba kama ya panzi, ni vitambaa vilivyopakwa laka tabaka juu ya tabaka kwenye udongo, kisha udongo ukatolewa. Ndani ni mtupu. Wakati wa moto sanamu kama hiyo hubebwa ikakimbizwa nje, na naamini wepesi huo umechangia kumwokoa. Ashura ni pepo wa vita kwa asili yake, lakini uso wa mbele ni wa kijana aliyekunja nyusi kidogo kama anayejutia jambo. Nimekwambia uso husema machache, huyu ananisuta.

Kuhusu mikono mingi, usidhani ni maajabu yasiyo na hesabu. Kannon, Bosatsu wa huruma, akiwa wa mikono elfu kwa kawaida huchongwa na mikono 42. Miwili imekutana kifuani, na 40 iliyobaki kila mmoja unaokoa malimwengu 25, ukizidisha unapata elfu. Kila kiganja kina jicho, au kimeshika kitu: shoka, zabibu, fuvu, kioo, kulingana na haja ya mwombaji. Katika ukumbi wa Sanjūsangen-dō, Kyoto, wamesimama Kannon kama hao 1,000 kwa safu, na wa 1,001 ni mkubwa, ameketi katikati, kazi ya Tankei mwana wa Unkei, ya mwaka 1254. Wengi hudhani Kannon ni mwanamke, na picha za baadaye zinawapa haki. Sogea karibu na sanamu za kale, utaona mara nyingi amechorewa kisharubu chembamba.

Sasa macho. Kuanzia karne ya 12 wachongaji walianza kuupasua uso kutoka ndani na kuweka macho ya kioo cha mawe, yakapakwa mboni kwa nyuma na kuwekewa karatasi nyeupe. Mshumaa ukipita, macho yanaonekana kukufuata. Lakini hata sanamu iliyokamilika kwa ufundi bado ni mbao mpaka ifanyiwe ibada ya kufunguliwa macho. Budha Mkuu wa Tōdai-ji, wa shaba, mwenye urefu wa mita 15 hivi, alifunguliwa macho mwaka 752 na mtawa kutoka India, Bodhisena. Nyuzi ndefu zilifungwa kwenye brashi yake, na watu waliokusanyika wakazishika, ili mboni ile iwe imechorwa na mikono yote. Uzi unarudi tena mahali pengine panaponigusa zaidi. Kuna picha ya Amida akichomoza nyuma ya milima, katika hekalu la Konkai Kōmyō-ji, Kyoto, na kwenye mikono yake yamebaki masalia ya nyuzi. Mtu aliyekuwa anakata roho aliwekewa picha mbele yake, akashikishwa ncha ya uzi, ili Amida amvute.

Na bado, kitu kinachotengenezwa kwa gharama zote hizo mara nyingi hakionyeshwi. Sanamu zilizofichwa zina jina lake, hibutsu. Ile ya asili ya Zenkō-ji, Nagano, haionyeshwi kwa yeyote. Nakala yake tu ndiyo hutolewa kwa miaka maalumu. Guze Kannon wa Hōryū-ji alikaa amezongwa vitambaa kwa karne nyingi mpaka mwaka 1884, Mmarekani Ernest Fenollosa na msomi Mjapani Okakura walipofika na barua ya serikali, na watawa, inasemekana, wakaogopa tetemeko la ardhi. Tetemeko halikuja. Dhahabu yake ilikuwa bado inang'aa, kwa sababu hewa na jua havikuwa vimemfikia.

Hapo ndipo herufi yako inapoingia. Rafiki yako yuko sahihi, si ya Kijapani. Bila shaka ni Siddham, maandishi ya kale ya India ambayo watawa wa Japani waliendelea kuyaandika kwa brashi. Kila mtukufu ana silabi yake, inayoitwa mbegu, na ya Fudō Wajapani huitamka "kan". Ikiandikwa yenyewe juu ya karatasi au jiwe, yeye yupo. Ipo hata michoro mikubwa ya mandala, yaani ramani za ulimwengu wa watukufu, ambayo badala ya mamia ya sura zao imejazwa herufi tupu. Mtu wa pwani aliyekua akiona jina limeandikwa ukutani pasipo picha hatahitaji maelezo marefu hapo. Kadi yako, kwa hiyo, ina Fudō pande zote mbili: mbele kwa umbo, nyuma kwa sauti.

Uitunze au uitupe? Hilo ni baina yako na imani yako, sitaliingilia. Nikwambie tu desturi ya wenyewe. Hirizi za namna hii kwa kawaida huhesabiwa mwaka mmoja, kisha hurudishwa hekaluni zikachomwe kwa sala. Kwa hiyo jirani yako na mtawa wa Narita wanakubaliana kuhusu kiberiti, hawakubaliani kuhusu sababu. Ila kabla hujawasha, nipigie picha pande zote mbili kwenye mwanga mzuri. Nataka kuliona jicho lake la kushoto.